Hivi "feminazi" ni tusi lenyewe lilivyo, au inategemea nani kasema na kasemea wapi?

#1 MsomajiWaUsiku
Wakuu salaam.

Kuna kundi la mijadala ambalo mimi ni mmoja wa wasimamizi wake, na tumegawanyika. Wenzangu wanataka neno "feminazi" (yaani "mfeministi", mpigania haki na usawa wa wanawake, limeunganishwa na "Nazi", mfuasi wa chama cha Hitler) liingizwe kwenye orodha ya maneno yanayofutwa papo hapo, pamoja na matusi ya rangi na ya dini. Mimi nimepinga.

Ninavyoona, neno hili halimgusi kila mwanamke, wala kila mfeministi. Linamlenga yule aliyepitiliza: asiyesikiliza, anayeona kila mwanamume ni adui, anayetaka mwenye mawazo tofauti anyamazishwe. Kama wewe si wa namna hiyo, halikuhusu. Ukisema "mwanasiasa fisadi" hujawatukana wanasiasa wote. Tusi linatokana na nia ya msemaji. Neno peke yake halina kosa.

Leteni hoja. Mipasho pelekeni kwingine.

#2 BintiHoja
Mleta mada, mfano wako hausimami. Ufisadi una kipimo: ameiba au hajaiba, ushahidi uletwe. Sasa nionyeshe kipimo cha unazi kwa mwanamke aliyedai mshahara sawa. Kamuua nani? Kamfungia nani kambini? Neno hili linawaweka chungu kimoja watu wanaodai haki na watu walioua Wayahudi milioni 6. Hapo ndipo tusi lilipo, hata likisemwa kwa upole na mtu anayetabasamu.

#3 Tumbili2
Natandika mkeka hapa. Uzi huu utafika mbali.

#4 MzeeKumbukumbu
Kabla hamjafika mbali, mjue lilikotoka. Aliyelianzisha ni Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa Marekani ambaye kipindi chake kilianza kurushwa nchi nzima mwaka 1988. Kwenye kitabu chake cha 1992 anaeleza kwamba mara nyingi analitumia kwa wanawake wanaopigania utoaji mimba, jambo ambalo yeye aliliita maangamizi ya zama hizi, akilifananisha na mauaji ya Wayahudi. Kwa hiyo "nazi" haikubandikwa kwa bahati mbaya. Ilikuwa na hoja ya kisiasa ndani yake.

Tena alishikilia kwamba walengwa ni wachache, wale waliopitiliza tu. Mleta mada, utetezi wako una zaidi ya miaka 30, na aliyeutoa mapema ndiye aliyelipa neno umaarufu.

#5 Kipaza
Mzee, marekebisho. Limbaugh alilisambaza, hakulibuni. Kwenye kitabu hicho hicho anamtaja rafiki yake Tom Hazlett, profesa wa uchumi Chuo Kikuu cha California, Davis, kuwa ndiye mbunifu. Na gazeti la Los Angeles Times lilikuwa limeshalichapisha mwaka 1989.

Halafu angalia hili: kwa maelezo ya Limbaugh mwenyewe, Hazlett alilikusudia kwa mwanamke yeyote asiyevumilia mawazo yanayoupinga ufeministi mkali. Hapo habari ya mimba haipo. Kwa hiyo tangu utotoni neno lina maana mbili, na kila mtu huokota inayomfaa.

#6 MzeeKumbukumbu
Ahsante kwa Hazlett. Lakini hizo maana mbili zinamsaidiaje mleta mada? Neno ambalo mpaka wake unahama litamfikia kila mtu. Leo ni mtetezi wa utoaji mimba, kesho ni aliyemwambia bosi wake asimuite "mrembo" mbele ya wateja.

#7 Mwalimu_Sarufi
Naomba nitofautiane na wengi. Sehemu ya "nazi" imeshachakaa. Watu wanaitwa "nazi wa sarufi" kwa kurekebisha nukta na herufi kubwa. Nimeitwa hivyo mara nyingi na sikuona kuwa nimefananishwa na Himmler, mmoja wa wasaidizi wakuu wa Hitler. Mwaka 1990 Mmarekani Mike Godwin alitoa kanuni yake maarufu kwamba mjadala wa mtandaoni kadiri unavyorefuka, ndivyo uwezekano wa mtu kufananishwa na Hitler au Wanazi unavyokaribia uhakika. Yaani ulinganisho huu ulikuwa umeshatumika ovyo hata kabla kitabu cha Limbaugh hakijatoka. Kilichobaki ndani ya neno ni "mkali kupita kiasi", basi. Ni neno la kivivu, hilo nakubali. Kulipandisha hadi daraja la matusi ya rangi ni kuyapunguzia uzito matusi ya rangi.

#8 BintiHoja
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hakuna chama cha siasa kilichowahi kuwasaka warekebishaji wa sarufi. Wafeministi walisakwa, na waliowasaka ni Wanazi hao hao. Hapa ndipo damu yangu inapochemka, niruhusuni niandike kwa kirefu.

Ujerumani wanawake walipata kura Novemba 1918. Kulikuwa na shirikisho kubwa la vyama vya wanawake, BDF, lililoundwa 1894. Mwaka 1933 likatakiwa liingie chini ya mamlaka ya Wanazi na kuwaondoa wanachama Wayahudi. Likaamua kujivunja lenyewe. Mwaka huo huo serikali ikaanza kutoa mikopo ya ndoa kwa sharti la mke kuacha kazi, na mwishoni mwa mwaka ikaweka kikomo kwamba wanawake wasizidi asilimia 10 ya wanaoingia vyuo vikuu. Mwaka 1936 wanawake wakazuiwa kuwa majaji na mawakili. Mwaka 1938 ikaja nishani ya mama, anavishwa aliyezaa watoto wengi.

Sasa wachukueni watu wawili tu, Anita Augspurg na Lida Gustava Heymann. Wapigania haki za wanawake na wapinzani wa vita, walioishi na kufanya kazi pamoja miaka mingi. Mwaka 1923 walimwendea waziri wa mambo ya ndani wa Bavaria, jimbo la Ujerumani, wakimtaka amfukuze Hitler nchini, kwa kuwa alikuwa raia wa Austria na alikuwa anachochea vurugu. Hawakusikilizwa. Hitler aliposhika madaraka Januari 1933 wao walikuwa safarini nje ya nchi, na hawakurudi tena. Mali zao zikataifishwa, maktaba yao na nyaraka zao za miaka yote zikapotea. Wote wawili walifia Zürich mwaka 1943, uhamishoni.

Hao ndio wafeministi wa zama za Wanazi. Waliomtambua Hitler miaka 10 kabla ya wenye mamlaka. Halafu leo mtu anaviunganisha vitu hivyo viwili kuwa neno moja na kuniambia linategemea sauti aliyolisemea?

#9 Tumbili2
Dada, hilo la 1923 sikulijua kabisa. Shukrani.

#10 Jongoo
Historia nzuri, ila umechagua upande mmoja. Wanawake walikuwemo ndani ya unazi. Gertrud Scholtz-Klink aliongoza umoja wa wanawake wa chama, wenye wanachama mamilioni. Na kambi ya mateso ya wanawake ya Ravensbrück, iliyofunguliwa 1939, ilikuwa na walinzi wanawake. Usitake kutuambia mwanamke na unazi ni mafuta na maji.

#11 BintiHoja
Jongoo, nimesema wafeministi. Wewe umejibu wanawake. Scholtz-Klink alihubiri kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani, kulea watoto na kumhudumia mume. Huyo mfeministi wa wapi?

#12 Kipaza
Na kwa kuwa mimba imetajwa, iwekwe sawa. Gloria Steinem, mfeministi wa Marekani, aliwahi kumjibu Limbaugh kwamba Hitler aliingia madarakani akiwa mpinzani wa vuguvugu la wanawake, akafunga kliniki za uzazi wa mpango na kufanya utoaji mimba kuwa kosa dhidi ya taifa. Ni kweli, lakini ni nusu. Marufuku ile ilikuwa kwa wanawake waliohesabiwa kuwa wa "damu safi". Kwa wengine, sheria ya Julai 1933 iliruhusu wafungwe kizazi kwa nguvu, na baadaye wapo waliolazimishwa kutoa mimba. Msimamo wa Wanazi ulikuwa kwamba tumbo la mwanamke ni mali ya dola. Mfeministi anasema kinyume chake. Ulinganisho umekwenda upande usio wake kabisa.

#13 Mwalimu_Sarufi
Hayo yote ni kweli na ninayaheshimu. Ila historia ya neno si lazima iwe ndiyo maana yake leo. Tazameni "incel", lile wanaloitwa vijana wanaowachukia wanawake kwa sababu wamekosa wapenzi. Lilianzishwa miaka ya 1990 na mwanamke wa Kanada aliyetaka watu wapweke, wa kike na wa kiume, wapate mahali pa kuzungumza. Lilizaliwa likiwa neno la faraja, leo ni tusi. Kama neno jema linaweza kuharibika, neno baya nalo linaweza kuisha makali. Hoja ya asili inakata pande zote mbili.

#14 DadaWaHesabu
Huwa nasoma tu, leo niandike.

Kazini kwetu kulikuwa na kikao cha idara. Kwenye mengineyo nikauliza kwa nini posho ya kazi za nje inatolewa kwa majina fulani tu, na kwa nini katika majina hayo hakuna mwanamke hata mmoja, wakati kazi za nje tunakwenda sote. Nilikuwa na karatasi mkononi, nimeorodhesha safari na majina. Mwenzangu mmoja, mtu tunayetaniana naye kila siku, akasema, "Haya, feminazi wetu kaanza." Kwa kucheka, wala hakuwa na hasira. Chumba kizima kikacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akafunga daftari lake, akasema tumalizie hapo, muda umekwenda.

Muhtasari ulipotoka, swali langu halikuwemo. Kwenye mengineyo palikuwa na usafi wa jiko la ofisi na kadi za kuegesha magari.

Mleta mada anauliza nia. Nia ya yule kaka ilikuwa utani, naamini hivyo mpaka leo. Sasa niambieni nia yake imenisaidia nini.

#15 Tumbili2
Pole sana dada.

#16 Kisiki
Pole dada, na hiyo posho walikuonea. Lakini na mimi nina langu. Nilichangia mjadala kuhusu malezi ya watoto baada ya talaka, nikasema baba naye ana haki ya kulea, si kutuma hela tu. Nikajibiwa kwamba wanaume wote ni wanyanyasaji ambao hawajakamatwa bado, na watoto wangu watakuwa salama zaidi nikifa. Aliandika mwanamke anayejitambulisha kama mfeministi, na waliompongeza hawakuwa wachache. Mtu wa hivyo mimi nimwiteje? Nikimwita "mfeministi" tu, mtasema nimewachafua wengine. Nahitaji neno la kumtenga na hao wengine, na hilo ndilo lililopo.

#17 MzeeKumbukumbu
Kisiki, pole kwa maneno hayo, ni ya kikatili. Ila maneno ya kumweleza yapo tele. Mwite mkatili. Mwite mwenye chuki na wanaume. Kila moja kati ya hayo linasema alichofanya, na yeye anaweza kulijibu. "Feminazi" linaacha alichofanya na kushambulia harakati anazojinasibisha nazo.

#18 Kisiki
Sasa nikisema "mwenye chuki na wanaume" si nitaambiwa hilo nalo ni tusi la kuwabeza wafeministi? Limekuwa likitumika hivyo miaka yote. Mnahamisha goli.

#19 BintiHoja
Linatumika vibaya, ni kweli. Tofauti ni kwamba hilo linaweza kuwa kweli kwa mtu fulani. Kwa huyo aliyekuandikia wewe, ni kweli tupu.

#20 Jongoo
Mnasahau jambo moja: jina la kubezwa linaweza kutwaliwa na wenyewe. "Safrajeti" lilikuwa kejeli ya gazeti la Daily Mail mwaka 1906, wakiwadogosha, kwa kiishio cha Kiingereza cha udogo, wanawake wa WSPU, chama cha Uingereza cha akina Pankhurst kilichodai wanawake wapige kura. Wenyewe wakalichukua, na mwaka 1912 wakaliweka kuwa jina la gazeti lao. Leo ukimwita mtu safrajeti umempa heshima. Wanawake wa Marekani nao waliitwa wachoma sidiria baada ya kuchoma sidiria zao mwaka 1968 na hawakujificha. Kwa nini "feminazi" lishindikane?

#21 Kipaza
Jongoo, sidiria hazikuchomwa. Ni maandamano ya Atlantic City, Septemba 1968, kupinga shindano la Miss America. Waliweka pipa wakaliita pipa la taka la uhuru, wakatupia humo sidiria, viatu vya visigino virefu, kope za bandia, mafagio na magazeti ya urembo. Wazo la kuchoma lilikuwepo, lakini moto haukuwashwa. Magazeti yakaikuza picha ya moto kwa kuwafananisha na vijana waliokuwa wakichoma kadi za kuitwa jeshini kupinga vita vya Vietnam, na dhihaka hiyo imewafuata wafeministi zaidi ya nusu karne.

#22 Jongoo
Sawa, pipa bila moto. Safrajeti bado wamebaki kwenye hoja yangu.

#23 Falsafa_Tele
Nimefika nimechelewa. Safrajeti wanasaidia kweli, na wapo hata wazito kuliko hao. Neno "mfeministi" lenyewe: mwaka 1872 mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas mwana alilitumia kwa kuwabeza watu waliotaka usawa wa wanawake. Miaka 10 baadaye Hubertine Auclert, mpigania kura wa Ufaransa, akajiita hivyo mwenyewe kwa fahari. Kwa hiyo jina tunalolitetea leo liliwahi kuwa dongo.

Lakini angalieni kilichokuwa ndani ya madongo hayo. Safrajeti lilisema "ninyi ni wadogo". Ukishakuwa mkubwa, dongo limekufa. Mfeministi la Dumas lilisema "ninyi mnataka usawa", na walikuwa wanautaka kweli, kwa hiyo wakasema ndiyo. "Feminazi" linasema "ninyi ni wauaji". Unalitwaa vipi hilo? Ukilivaa kwa fahari, umevaa swastika, alama ya Wanazi. Sitaki kusema haiwezekani milele, lugha ina mambo yake. Nasema mlango ni mwembamba mno.

Kuhusu swali la mleta mada, wanafalsafa wa lugha nao wamegawanyika kama kundi lenu. Christopher Hom alitetea mwaka 2008 kwamba ubaya wa kashfa, yaani maneno ya kubeza kundi la watu, umo ndani ya maana yenyewe, umeingizwa na mifumo ya kijamii iliyoizaa, hivyo nia ya msemaji mmoja haiutoi. Luvell Anderson na Ernie Lepore wakajibu kwamba maana haina lolote la ziada, kashfa ni maneno ambayo jamii imeyapiga marufuku, na ukivunja marufuku unaudhi. Kwa Hom, mleta mada ameshindwa. Kwa Anderson na Lepore, wenzake wakiliweka kwenye orodha ndio watakuwa wanalifanya tusi kamili.

Halafu kuna kutofautisha kulitaja neno na kulitumia. Sisi hapa tumelitaja tangu asubuhi na hatujamtukana mtu. Orodha ya kufuta papo hapo haioni tofauti hiyo. Ingeufuta uzi huu mzima, pamoja na ushuhuda wa DadaWaHesabu.

#24 MsomajiWaUsiku
Nakazia hilo la mwisho mara mia. Ndilo ninalowaambia wenzangu. Mwanamke akitaka kueleza jinsi alivyotukanwa, orodha itamnyamazisha yeye kabla ya aliyemtukana.

#25 DadaWaHesabu
Kwa hilo niko nawe, nisingependa post yangu ifutwe. Ila kutofuta neno na kusema neno halina kosa ni vitu viwili. Umeanza na cha pili.

#26 Mwalimu_Sarufi
Dada, naomba kukuuliza kwa heshima, usinielewe vibaya. Yule mwenzako angesema "haya, mlalamishi wetu kaanza", chumba kisingecheka vile vile? Swali lako lisingepotea vile vile? Kama jibu ni ndiyo, basi tatizo lilikuwa chumba, na lile neno lilikuwa chombo kilichokuwa karibu tu.

#27 DadaWaHesabu
Mwalimu, nimelifikiria sana hilo. Wangecheka, ndiyo. Lakini ningekuwa na la kusema. Ningesema nalalamika, ndiyo, na sababu ni hizi hapa kwenye karatasi. Kwa "feminazi" ningesema nini? Nikisema mimi si feminazi, nimeanza kujitetea juu yangu na posho imesahaulika. Nikisema "mimi ni mfeministi wa kawaida", nimekubali kwamba kuna wengine ambao ni hilo jina. Nikinyamaza, limenikaa. Nilinyamaza. Na waliokuwepo wanawake wengine wanne, wote wenye swali hilo hilo la posho, hakuna aliyenyanyua mkono baada yangu.

#28 BintiHoja
Hao wanne ndio jibu la "kama halikuhusu, halikuhusu". Neno liliambiwa mmoja, wakanyamaza watano.

#29 Kisiki
Dada nimekusikia. Bado sijapata neno la yule aliyenitakia kifo, lakini nimekusikia.

#30 MsomajiWaUsiku
Hilo la wanne ni zito na nitalipeleka kwa wenzangu kama lilivyo. Lakini bado linanionyesha matumizi: kikao, cheko, mwenyekiti aliyefunga daftari. Na kuna wanawake wanaolitumia kwa wanawake wenzao. Nao wanawachukia wanawake?

#31 MzeeKumbukumbu
Gertrud Scholtz-Klink alikuwa mwanamke, Jongoo ameshatukumbusha. Jinsia ya msemaji haimalizi kesi.

#32 Falsafa_Tele
Mleta mada, nakupa mtihani. Niletee sentensi moja ambamo neno limetumika kwa mtu, si kutajwa, na aliyeambiwa hakubezwa. Moja tu. Ukiipata, umethibitisha kwamba linategemea mazingira.

#33 Tumbili2
Ninayo mimi. Mke wangu na dada yake huitana hivyo. Mmoja akikataa kumpikia shemeji, mwingine anasema "feminazi hujambo!" wanagongeana mikono. Hakuna aliyebezwa.

#34 BintiHoja
Wanagongeana mikono kwa sababu wote wawili wanajua ni tusi ambalo watu wa nje wangewatupia. Wanamcheka huyo wa nje. Liondolee ubaya, na kichekesho chao hakipo tena.

#35 Mwalimu_Sarufi
Kwa hoja hiyo, hakuna sentensi itakayokuridhisha. Likiumiza ni tusi, lisipoumiza ni tusi linalochekwa. Hoja isiyoweza kushindwa ina kasoro yake.

#36 BintiHoja
Si kweli, Mwalimu. Nionyeshe mtu aliyeitwa hivyo na mgeni, asiyemjua, kwa maana ya kusifiwa. Safrajeti wapo. Wafeministi wapo. Huyu nimngojee wapi?

#37 Falsafa_Tele
Sentensi ya Tumbili naipokea kama nusu. Mtihani bado uko wazi, hata kwa Mwalimu.

#38 Mwalimu_Sarufi
Nautafuta. Nikipata naweka hapa hapa.